Sheria ya Mnyama Asiye na Mwenyewe

Ng'ombe akiugua bomani, sheria inajua mlango wa kubisha. Yuko mwenye ng'ombe. Ana jina lake, ana kijiji chake, na ana chifu wake. Anaweza kuamriwa atoe habari ya ugonjwa, amtenge mnyama wake, asimpeleke mnadani, na hata amtoe auawe na kuzikwa. Asipotii atashtakiwa, akitii anaweza kudai fidia. Lakini nyati akiugua katika vichaka vya Tsavo, nani aitwe? Hana mwenyewe wa kupelekewa hati, hasomi tangazo lililobandikwa ukutani mwa ofisi ya wilaya, wala hajui mpaka wa eneo lililofungwa. Mamlaka ambayo wanadamu wamejipa juu ya magonjwa ya wanyama karibu yote yalitungwa kwa ajili ya mnyama mwenye mwenyewe. Hapa nataka kueleza jinsi mamlaka hayo yalivyokutana na mnyama wa porini katika nchi zetu kwa muda wa miaka mia na zaidi. Ugonjwa uliowakutanisha ni sotoka.

Sotoka haikumshika mwanadamu, na pengine ndiyo sababu vitabu vingi vya historia vimeipita kwa mstari mmoja. Ilishika wanyama wenye kwato zilizopasuka: ng'ombe kwanza, kisha nyati, pofu, tandala, twiga, nyumbu, na hata ngiri. Mnyama alipatwa na homa, macho yakatoka machozi mazito, mdomo ukajaa vidonda, kisha akaharisha mpaka nguvu zikamwisha. Katika kundi ambalo halijawahi kuuona ugonjwa huo, wanyama tisa kati ya kumi waliweza kufa katika majuma machache.

Kirusi cha sotoka kilikuwa na udhaifu wa namna mbili, na msomaji ataona baadaye kwamba historia yote hii imetegemea udhaifu huo. Kwanza, hakikuweza kuishi muda mrefu nje ya mwili. Jua na ukavu vilikiua upesi, kwa hiyo kilihitaji mnyama mgonjwa na mnyama mzima wakaribiane. Pili, mnyama aliyepona hakuugua tena maisha yake yote, wala hakubaki na kirusi mwilini akakisambaza kwa siri. Basi kirusi kile kililazimika kupata mwili mpya kila mara. Kikikosa, kilikufa. Mtu angeweza kukishinda kwa kukinyima miili, hata kama hakuwa na dawa ya kumponya mgonjwa hata mmoja.

Watu wa Ulaya walilitambua jambo hilo kwa uzoefu kabla hawajajua kirusi ni kitu gani. Katika miaka ya 1713 hadi 1715, sotoka ilipoua ng'ombe katika nchi zilizotawaliwa na Papa, tabibu wake, Giovanni Maria Lancisi, alishauri kwamba wagonjwa wauawe, njia zifungwe, na wavunja amri waadhibiwe vikali. Mwaka 1714 ugonjwa ulifika karibu na London, na Thomas Bates, tabibu wa Mfalme George wa Kwanza, akaongeza jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa la busara kuliko yote: mwenye ng'ombe aliyeuawa kwa amri alipwe. Bates alijua kwamba mtu asiyelipwa atamficha mgonjwa wake usiku na kumwuza asubuhi. Ugonjwa ule uliisha katika miezi michache. Uliporudi Uingereza mwaka 1865, watu walikuwa wamekwisha kusahau somo hilo. Wengine wakatafuta dawa, wengine wakabishana juu ya uhuru wa biashara, na ng'ombe wakaendelea kufa mpaka Bunge likapitisha sheria mwaka 1866 ya kuua wagonjwa kwa lazima na kulipa fidia. Mwaka uliofuata ugonjwa ukatoweka. Kutoa habari, kufunga eneo, kuua na kulipa ndiyo sheria ambayo Waingereza waliibeba katika mikoba yao walipokuja kututawala. Hata hivyo, kama tutakavyoona, jambo la nne aghalabu lilisahaulika njiani.

Sotoka yenyewe ilikuja kabla ya sheria. Iliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa Massawa kwa ajili ya jeshi la Italia. Uhabeshi ilipoteza ng'ombe wake wa kulimia, na njaa kubwa ikaanza mwaka 1888. Mnamo 1890 na 1891 ugonjwa ulifika katika mbuga za Wamaasai. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imekwisha kupita huko, na ndui ikafuata nyuma. Wamaasai walikiita kipindi kile Emutai, yaani maangamizi. Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliona watu waliobaki mifupa mitupu wakizunguka kutafuta chochote cha kula. Alikadiria kwamba theluthi mbili za Wamaasai walikufa. Yafaa tukumbuke hayo kila tunaposoma jinsi Wazungu wa kwanza walivyokuta nyanda tupu na kudhani kuwa hazina wenyewe. Nyanda zile zilikuwa zimeondokewa na watu muda mfupi tu kabla hawajafika.

Na nyanda zile hazikuondokewa na watu na ng'ombe peke yao. Nyati, ambao makundi yao yalikuwa yakifunika mabonde, walilala wakioza kando ya maji. Pofu, twiga na tandala walianguka kadhalika. Hakuna aliyewahesabu, kwa kuwa hawakuwa mali ya mtu. Nyasi zilipokosa walaji, vichaka vikaota. Na vichaka vilipoota, mbung'o wakapata makao mapya katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na malale yakaja nyuma yao.

Kusini, ugonjwa ulivuka mto Zambezi mwaka 1896. Huko ndiko sheria ya Uingereza ilikojaribiwa kwa mara ya kwanza katika Afrika kwa ukubwa wake wote. Serikali ya Rhodesia ya Kusini ilipiga risasi ng'ombe wa Wandebele, wagonjwa na wazima pamoja, ili kuzuia ugonjwa usiende mbele. Wandebele walikuwa wamekwisha kunyang'anywa ardhi na sehemu kubwa ya ng'ombe wao baada ya vita vya 1893. Ukame na nzige walikuwa wamewapiga. Sasa wakaona askari wa watawala wale wale wakiua ng'ombe waliobaki, tena ng'ombe ambao kwa macho hawakuwa na ugonjwa wowote. Waliasi mwezi wa Machi mwaka ule ule. Sisemi kwamba risasi zile peke yake ndizo zilizoleta vita, lakini amri ambayo mtu haelewi sababu yake, itokayo kwa mtawala ambaye amekwisha kumdhulumu, haiwezi kuonekana kwake kuwa ni tiba. Koloni la Cape lilijenga uzio wa maili 1,000 hivi na kuweka polisi wa kuulinda, na sotoka ikaupita uzio huo mwaka 1897. Kilichoupunguza ugonjwa hatimaye kilikuwa elimu zaidi ya bunduki: Robert Koch, mtaalamu wa Ujerumani aliyefika Kimberley mwishoni mwa 1896, alitengeneza chanjo kwa nyongo ya ng'ombe mgonjwa, na wataalamu wengine waliokuwa wakifanya kazi huko, kama Arnold Theiler, wakatumia damu ya wanyama waliopona.

Katika Kenya ya kikoloni sheria ya magonjwa ya wanyama ilitoa mamlaka makubwa kwa idara ya mifugo. Neno lake kuu, ambalo wafugaji walilijua vizuri kuliko neno lingine lolote la serikali, lilikuwa karantini. Kwa miaka mingi maeneo ya Wamaasai, ambao walikuwa wamehamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911, yalifungwa kwa karantini, mara kwa sotoka, mara kwa homa ya mapafu. Ng'ombe hawakuruhusiwa kutoka kwenda sokoni. Ugonjwa ulikuwapo kweli, hilo halikataliki. Lakini ni kweli pia kwamba mashamba ya walowezi yalikuwa jirani, kwamba walowezi waliogopa ugonjwa na hawakupenda ushindani wa bei, na kwamba karantini ilipowekwa upesi haikuondolewa upesi. Mfugaji alikatazwa kuuza mali yake, na hakulipwa kwa kukatazwa. Basi akafanya ambalo Thomas Bates alikwisha kulijua tangu 1714: akasafirisha ng'ombe wake usiku kwa njia za porini. Karantini ya namna hiyo hufungua njia za siri kuliko inavyofunga njia za wazi, na ugonjwa hupenda njia za siri.

Tena katika njia hizo kulikuwa na nyati na nyumbu.

Hapa ndipo mnyama wa porini alipoingia katika sheria, na aliingia kama mshtakiwa. Kila sotoka ilipozuka upya katika ng'ombe waliokwisha kuchanjwa, watu walinyosha kidole porini. Wakasema: sisi tunasafisha nyumba, lakini chemchemi ya uchafu iko kule. Fikra hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu ya jambo moja lililoonekana kusini. Sotoka ya 1896 ilipoua wanyamapori katika nchi zilizo kusini mwa Zambezi, mbung'o nao walitoweka katika sehemu nyingi kwa kukosa damu ya kunywa. Watawala wakahitimisha kwamba mnyama wa porini akiondolewa ugonjwa huondoka. Katika Rhodesia ya Kusini wawindaji wa serikali waliua wanyamapori mamia ya maelfu katika muda wa miaka kadhaa ili kumwondoa mbung'o, na katika Zululand kazi hiyo hiyo ilifanywa miaka ya 1940. Sheria iliyoshindwa kumwita nyati ilimpelekea bunduki. Ninakiri kwamba mtu mwenye ng'ombe waliokondeana kwa ugonjwa wa mbung'o hawezi kulaumiwa kwa kutaka tiba ya haraka. Lakini tazama jinsi hukumu ilivyotolewa: kwa ng'ombe, mamlaka ya kuua yalikuja na mipaka, na pengine na malipo, kwa mnyama wa porini yalikuja bila mipaka, kwa kuwa hakuwapo mtu wa kusimama na kudai.

Je, shtaka la sotoka lilikuwa la kweli? Jibu lilipatikana Muguga, karibu na Nairobi, katika maabara ya mifugo iliyozihudumia nchi za Afrika Mashariki kwa pamoja. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1950, Walter Plowright na mwenzake R. D. Ferris walikuza kirusi cha sotoka katika chembe za figo za ndama. Walikihamisha kutoka chombo kimoja hadi kingine zaidi ya mara tisini, mpaka kikapoteza ukali wake bila kupoteza uwezo wa kuuamsha mwili ujilinde. Chanjo za zamani zilikuwa na hasara zake. Ile iliyotengenezwa kwa kirusi kilichopitishwa katika mbuzi, kwa mfano, iliweza kuwaumiza vibaya ng'ombe wa aina fulani. Chanjo ya Muguga haikumdhuru hata mnyama dhaifu, na sindano moja ilimtosha maisha yake yote.

Wakati huo huo kulikuwa na kitendawili cha Serengeti. Kila mwaka ndama wa nyumbu walizaliwa wengi, wakanawiri miezi michache, kisha wakafa kwa wingi kabla hawajatimiza mwaka au walipokuwa wametimiza tu. Walinzi wa mbuga waliujua ugonjwa huo wa ndama, na ulikuwa sotoka. Ndama alizaliwa akapata kinga katika maziwa ya kwanza ya mama yake aliyewahi kuugua. Kinga ile ilipokwisha, kirusi kikamkuta. Ikiwa nyumbu wenyewe ndio chemchemi, basi ugonjwa ungeendelea hata ng'ombe wote wa pembezoni wakichanjwa. Ng'ombe wakachanjwa, mwanzoni mwa miaka ya 1960, pande zote za mbuga. Plowright na wenzake walipopima damu ya nyumbu waliozaliwa baada ya 1963, hawakuona alama ya sotoka. Hakuna aliyemchoma nyumbu sindano, wala hakuna aliyempiga risasi kwa ajili hiyo. Ugonjwa uliisha porini kwa kuwa uliishiwa bomani. Nyumbu na nyati walikuwa wakiambukizwa na ng'ombe. Waliweza kuubeba ugonjwa kwa muda na kuurudisha, lakini hawakuweza kuuhifadhi peke yao miaka na miaka.

Nyumbu wa Serengeti walikuwa kiasi cha robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1977 walikuwa wamefika milioni moja na laki tatu. Nao walibadili nchi, kwa maana walikula nyasi ambazo zamani zilibaki kukauka na kuwaka. Mioto ikapungua, na miti ikaongezeka katika sehemu nyingi za mbuga. Sindano aliyochomwa ng'ombe wa Mmaasai au Msukuma ilifika mpaka kwenye mche wa mgunga. Sidhani kwamba aliyeandika sheria ya chanjo alikuwa amefikiria miti.

Baada ya uhuru, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya Kenya ya 1965 iliendeleza mamlaka yale yale ya kutangaza eneo lenye ugonjwa, kuzuia mwendo wa mifugo na kuamuru mnyama auawe. Mageuzi makubwa zaidi yalikuwa kwamba nchi zilianza kuyatumia kwa pamoja. Kuanzia 1962 hadi 1976 nchi 22 za Afrika ziliendesha kampeni moja ya chanjo, iliyojulikana kama Mradi wa Pamoja wa 15, na sotoka ikakaribia kwisha. Kukaribia huko ndiko kulikoponza. Serikali ziliona ugonjwa haupo, zikapeleka fedha mahali pengine, chanjo ikalegea, na vijito vichache vilivyobaki Afrika Magharibi na Sudan vikafurika tena katika miaka ya 1980. Mwaka 1982 nyati wa Serengeti waliugua. Kampeni nyingine ya bara zima ikaanza mwaka 1986.

Safari hii ilionekana kwamba vijito vile vilikuwa mahali ambapo gari la serikali halifiki: Karamoja, nchi ya Waafar katika Uhabeshi, Sudan ya Kusini iliyokuwa vitani. Chanjo ya Plowright ilihitaji barafu, na barafu haikufika huko. Jeffrey Mariner na wenzake, kutoka Marekani, walitengeneza namna ya kuikausha iweze kustahimili joto kwa majuma kadhaa, na hapo ikawezekana kumkabidhi kijana wa jamii ile ile ya wafugaji afundishwe, aifunge mgongoni na kwenda nayo kwa miguu. Sheria za taaluma ya udaktari wa mifugo hazikuwa zimemfikiria mtu wa namna hiyo. Kazi ya kuchanja zilimwachia daktari au msaidizi wake aliyeajiriwa. Kulikuwa na madaktari walioona kwamba taaluma yao inavunjiwa heshima, na hofu yao haikuwa bure, kwani sindano mikononi mwa asiyejua ni hatari. Lakini wafugaji wa Karamoja hawakumkimbia mtoto wao kama walivyolikimbia gari la serikali. Walimwita waje wamwonyeshe hata ng'ombe waliofichwa.

Kisha mwaka 1994 Tsavo ikashtuka. Nyati walianza kuonekana wamekufa, na tandala wadogo wakazunguka wakijigonga vichakani kwa upofu, kwa maana katika mnyama huyo ugonjwa ulikwenda machoni. Ilikuwa sotoka, tena ya ukoo ambao ulikuwa haujaonekana kwa zaidi ya miaka thelathini. Ilikadiriwa kwamba nyati sita kati ya kumi wa eneo lile walikufa, na tandala wanane kati ya kumi. Mwaka 1996 ugonjwa ulifika mpaka Mbuga ya Nairobi, ukawashika pofu na nyati mbele ya macho ya mji mkuu. Na mwaka 1997 ukaonekana katika ng'ombe wa kaskazini mwa Tanzania.

Cha ajabu ni kwamba ng'ombe hawakuwa wakifa. Ukoo huu wa kirusi ulikuwa mpole kwa ng'ombe, ukiwapa homa kidogo na machozi kidogo, na mfugaji aliyeona hivyo hakuwa na sababu ya kwenda ofisini kutoa habari. Sheria ya kutoa habari hutegemea kwamba mwenye mnyama ataona hasara. Hapa hasara ilikuwa ya nyati, na nyati hakuwa na wa kumsemea isipokuwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, lililoundwa mwaka 1989. Lakini shirika hilo lilikuwa na mamlaka juu ya mnyama wa porini, na sindano ilitakiwa kwa ng'ombe, walio chini ya idara nyingine. Mamlaka ya kuponya yalikuwa upande mmoja wa ua, na mgonjwa upande wa pili. Ilibidi idara hizo mbili zifanye kazi pamoja, na ng'ombe waliozunguka mbuga wakachanjwa.

Hatua ya mwisho ilimgeuza nyati, aliyekuwa mshtakiwa, kuwa shahidi. Ili nchi itangazwe kuwa haina sotoka, ilipasa kuonyesha kwamba kirusi hakipo. Damu ya ng'ombe haikuweza kutoa ushahidi huo, kwa sababu ng'ombe aliyechanjwa na ng'ombe aliyeugua walionyesha alama ile ile katika kipimo. Nyati hakuwa amechanjwa kamwe. Alama ikionekana katika nyati mchanga, maana yake ni moja tu: kirusi kimempitia. Kwa hiyo madaktari wa wanyamapori waliwalaza nyati kwa dawa, mmoja mmoja, wakawatoa damu na kuwaacha waende. Mwaka 2001, katika Mbuga ya Meru, nyati walikutwa na sotoka. Hao ndio wagonjwa wa mwisho waliothibitishwa duniani. Wataalamu walisubiri na kupima kwa miaka kumi zaidi, na wakati huo nchi zililazimika kuacha chanjo kabisa, jambo lililohitaji ujasiri kuliko kuchanja, ili ng'ombe wachanga nao waweze kutoa ushahidi safi. Tarehe 25 Mei 2011 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lenye makao Paris, lilitangaza kwamba nchi zote hazina sotoka, na tarehe 28 Juni Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likathibitisha kwamba ugonjwa umefutwa. Shirika lile la Paris lenyewe lilizaliwa na sotoka: nchi 28 zililianzisha mwaka 1924, baada ya ng'ombe wa India waliokuwa safarini kwenda Brazil kuingiza ugonjwa Ubelgiji mwaka 1920.

Mtu ataniuliza juu ya mimea ya asili, nayo pia haina mwenyewe. Sheria yetu ya kulinda mimea ni ya tangu 1937, na inampa mkaguzi ruhusa ya kuingia shambani na kuamuru mmea mgonjwa ung'olewe; lakini moyo wake ni mazao. Mfano wa mti wa msituni sina budi kuutoa mbali, New Zealand, ambako mti mkubwa uitwao kauri, uwezao kuishi zaidi ya miaka elfu, unaozeshwa mizizi na kiumbe kidogo kinachoishi udongoni. Hakuna dawa ya kuufuta ugonjwa huo msituni. Mti haukimbii wala hauwezi kuhamishwa, na udongo wenye ugonjwa hubebwa katika viatu vya watembezi na kwato za nguruwe mwitu. Mwezi wa Desemba 2017, Wamaori wa Te Kawerau ā Maki, ambao ni wenyeji wa milima ya Waitākere, waliweka rāhui, yaani mwiko wa kimila wa kuingia msituni. Mwiko huo haukuwa na polisi. Wengine waliutii na wengine wakaupuuza, mpaka Mei 2018 baraza la mji wa Auckland lilipoufunga msitu kwa mamlaka ya sheria. Baadaye njia zilianza kufunguliwa moja baada ya nyingine, zikiwa zimeinuliwa juu ya udongo, na langoni pana mahali pa kusugua viatu na kuvinyunyizia dawa. Sheria imeshindwa kuuamuru mti, imeamuru viatu. Hata sisi, wazee wa kaya za Pwani walijua zamani kwamba msitu hulindwa kwa kumpangia mwanadamu mahali pa kukanyaga, ingawa wao hawakuwa wakifikiria ugonjwa wa mizizi.

Kwa upande wa sotoka, sheria inayobaki leo inalinda majokofu. Kirusi hakimo tena katika mnyama yeyote, lakini kilibaki katika chupa za maabara, na baada ya 2011 nchi zilikubaliana kwamba chupa hizo ziharibiwe, ama zihifadhiwe katika maabara chache zilizoidhinishwa; ya Umoja wa Afrika iko Bishoftu, Uhabeshi. Mwaka 2019 maabara ya Pirbright huko Uingereza ilichoma hazina yake kubwa, baada ya kuandika na kuhifadhi maumbile ya kila aina ya kirusi iliyokuwamo.

Ndugu wa ugonjwa huo bado yuko hai. Sotoka ya mbuzi na kondoo iliingia Turkana mwaka 2006 ikaenea katika kaunti kame za kaskazini. Huko Mongolia, mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017, ilivuka kutoka kwa mbuzi na kondoo ikaua maelfu ya saiga, swala wa nyika mwenye pua kama mkonga mfupi, ambao walikuwa wachache tangu hapo. Mataifa yamejiwekea mwaka 2030 kuwa mwaka wa kuufuta, na chanjo yake ipo, nayo ni nzuri. Lakini mbuzi ni wengi kuliko ng'ombe, huzaa upesi, huuzwa kwa bei ndogo, na mwenye mbuzi watano mara nyingi ni mwanamke ambaye jina lake halimo katika daftari la ofisi yoyote ya mifugo.